Vidole Vyangu Kabla na Baada ya Nyakio

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesimama mbele ya kanisa zima nikadanganya watu bila kusema neno hata moja la uongo.

Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametoka Kimuka kuja kuabudu nasi hapa Kitengela, akanisukuma mgongoni kwa kidole kimoja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Nikapanda mbele na tumbo langu la miezi minane. Nikainua mikono, nikakunja ngumi, nikakunjua. Nikasema kwamba mimi, msusi wa nywele, nilifika mahali nikashindwa kushika kitana. Nikasema mume wangu Wachira ndiye aliyekuwa akinifunga sidiria. Kanisa likacheka, naye akaangalia viatu vyake. Nikasema sasa nasuka tena. Makofi, vigelegele, mama mmoja akalia.

Yote ni kweli. Nilichoacha ni maneno ya daktari.

Familia ina hesabu yake rahisi. Nilianza kuugua tulipokuwa tukiishi kwa Mama huko Kimuka, ambako upepo wa Kona Baridi huingia ndani bila kubisha hodi. Mwaka jana tukahamia Kitengela, kwenye joto na vumbi la mawe, na baada ya miezi michache vidole vikafunguka. Kwa hivyo ni upepo. Na ugonjwa wenyewe unaitwa baridi yabisi, basi nani atamwambia Mama kwamba si baridi? Hakuna anayekumbuka kwamba tulihamia mwezi uleule nilioshika mimba.

Jumatano, 12 Machi

Nimesuka kichwa kizima cha rasta nyembamba bila kupumzika. Munyiva, mwenye saluni, ananiangalia kama maziwa yaliyo jikoni.

Jumanne, 18 Machi

Kliniki Kajiado. Wachira alikuwa anapeleka mawe huko, kwa hivyo tulienda na lori lake, mimi nimekalia mito miwili.

Daktari Parmuat ni mtu wa utani. "Supa, Mama Kijacho," akasema, nami nikajibu "Epa", salamu ya Kimaasai aliyonifundisha. Halafu akaanza kubonyeza kiungo kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua maparachichi sokoni. Vidole, viganja, viwiko, magoti. Hakuna palipouma.

"Nimepona?" nikauliza.

"Ugonjwa umelala. Mimba ndiyo imeulaza."

Nilikuwa nimesikia hayo mwanzoni mwa mimba, lakini leo nilitaka Wachira asikie pia, ndiyo maana nilimwingiza ndani. Daktari akamgeukia. Akamweleza kwamba mwili una askari wa kuulinda, na kwamba askari wangu walichanganyikiwa zamani wakaanza kuvamia viungo vyangu wenyewe. "Sasa, huyu mtoto nusu yake ni wewe," akamwambia Wachira. "Wewe ni mgeni kwa hii mwili. Askari wangekufukuza. Kwa hivyo mama akibeba mimba, mwili unawatuliza. Homoni za kike zinapanda sana, estrogeni, projesteroni na zingine, na askari wanapoa. Mtoto akizaliwa, hizo homoni zinashuka haraka. Halafu inakuja ile ya kuleta maziwa, na hiyo inaweza kuwaamsha tena."

"Itarudi?" nikauliza.

"Kwa wengi inarudi. Wiki kadhaa, ama miezi mitatu hivi. Si wote."

"Kwa nini si wote?"

"Hatujui yote, Mama. Nikisema tunajua nitakuwa mwongo."

Nampenda kwa hilo. Ndiye mtu wa kwanza ambaye hakucheka nilipomwambia, kabla ya mimba, kwamba vidole vyangu huwa vibaya zaidi siku chache kabla ya hedhi. Aliandika tu, akasema wanawake wengi humwambia hivyo. Ndiye pia aliyenitoa kwenye ile dawa kali mapema, kwa kuwa haipatani na mimba.

Akaniambia neno la mwisho akiwa amenishika mkono. "Kidole kikianza, usingoje. Kuna dawa ya kumeza na unyonyeshe bado. Ukingoja, kiungo kikiharibika siwezi kukirudisha."

Nje, Wachira alikuwa anatabasamu. "Kumbe dawa ni mimba! Basi hii ingine tusichelewe." Alisema kwa utani, lakini nilimwona akipiga hesabu. Mtu huyu anaweza kubeba mawe ya watu kutwa nzima, na katika maneno yote ya daktari amebeba hilo moja tu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Udongo mweusi umenivua kiatu mlangoni.

Jumapili, 30 Machi

Mama amekuja na magunia mawili: moja la njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwao Wakikuyu mzazi lazima ale, na jingine la nguo zake. Amekuja kukaa mpaka mtoto akomae shingo.

Kwao mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la mama wa mume. Si jina tu. Mtoto ndiye yule bibi mwenyewe, amerudi kwa mara ya pili akiwa bado yuko. Mama anaitwa Nyakio. Picha ilishaonyesha msichana. Kwa hivyo tangu leo ananiuliza mambo kama, "Nimelala upande gani? Nimepiga teke?" Mwanzoni nilidhani anajiuliza habari zake.

Tulipokuwa tunachambua njahi akaniangalia mikono kwa muda mrefu, akasema, "Kaluki, ukirudi kuwa mgonjwa mimi nitajichukua. Nitajipeleka Kimuka nijilee na maziwa ya ng'ombe yangu. Siwezi lelewa na mikono ya kuangusha."

Akacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko bila haja yoyote. Nimeogopa sana. Najua wanawake ambao watoto wao walienda kwa bibi "kidogo tu" wakarudi wakiwa darasa la pili, wakiwaita mama zao auntie.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejifungua. Msichana. Mengine kesho.

Jumamosi, 19 Aprili

Mengine ni haya. Ana nywele nyingi na hasira za babake. Nilimshika mara tu walipomkata kitovu, mikono yangu yote miwili ikamzunguka vizuri, vidole kumi vikafanya kazi. Nilivitazama vidole kuliko nilivyomtazama mtoto. Mungu anisamehe.

Mama alipiga simu kwa ukoo mzima. "Nimezaliwa! Niko kilo tatu na nywele mingi!" Sijui upande wa pili walijibu nini. Wachira anamwita mtoto "Mami", kwa kuwa ni mamake. Anasema sasa nyumba ina mama zake wawili na mke mmoja, na kwa kura yoyote atashindwa.

Nina furaha. Naiandika ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuwahi kuwa nayo.

Ijumaa, 25 Aprili

Kila asubuhi, kabla ya kumchukua mtoto, nabana mswaki ndani ya ngumi. Ukikaa, niko sawa. Umekaa.

Jumanne, 29 Aprili

Umekaa. Mvua, mvua, mvua. Nepi hazikauki, zimeanikwa mpaka juu ya televisheni.

Alhamisi, 8 Mei

Umekaa. Njahi tena. Nikiona njahi nyingine nitageuka njahi.

Jumanne, 13 Mei

Mama anamwogesha mtoto kila asubuhi akimwimbia kwa Kikuyu, na anajipongeza. "Ona vile nimenona." Ananifundisha kumshika kwa mkono mmoja chini ya kwapa, shingo ikilala juu ya kigasha. Nikishika anakaa karibu, ameinama, kama mwalimu wa kuendesha gari mwenye mguu wake juu ya breki. Haniamini. Anachosubiri ni kosa.

Jumapili, 18 Mei

Umekaa, lakini niliubana mara mbili ili niwe na hakika. Sipendi kwamba nilitaka kuwa na hakika.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeenda saluni kumwona Munyiva, mtoto nimemwacha na Mama. Munyiva alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, nikamwambia akae nimmalizie, nilikumbuka sana kazi. Mistari minne ya kwanza ilitoka mizuri. Wa tano uzi ukaniponyoka. Nikaushika, ukaniponyoka tena. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimekakamaa, hakina maumivu, ila kimegoma.

Munyiva aliniona kwenye kioo. Tunatoka sehemu moja, Ukambani, kwa hivyo hakuuliza kwa Kiswahili. Nikamjibu kwamba nimechoka tu, mtoto hanipi usingizi. Akachukua uzi akamaliza mwenyewe.

Jumanne, 27 Mei

Mswaki umeanguka.

Alhamisi, 29 Mei

Mtoto kachanjwa. Nesi akaniuliza njia gani ya kupanga uzazi. Kabla sijafungua mdomo, Wachira akasema, "Hatupangi, sista. Kwake mimba ni dawa." Nesi akaniangalia mimi. Nikaangalia bango ukutani.

Vidole vitatu sasa, mkono wa kulia. Asubuhi vinavimba kama mandazi. Chai inachemka, inapoa, inachemshwa tena, ndipo vinakunjika.

Najua kuna mtu wa kupigia simu. Nambari ya Daktari Parmuat iko hapa kwenye simu. Lakini nikianza kumeza vidonge Mama ataviona, maana anapanga kabati langu kila siku. Akiviona atajua. Akijua, "atajichukua". Na kanisa je? Nilikunja ngumi mbele ya watu wote. Nitasema nini, kwamba Bwana alinikopesha?

Labda ni kidogo tu. Alisema si wote.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema ni mafua.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imeisha, baridi imeingia. Jua halitoki kabisa. Mama anajifunga mashuka mawili na kusema, "Hii baridi ni ya Kona Baridi, imetufuata." Aliponiambia hivyo alikuwa anaangalia mikono yangu. Nimeanza kuvaa sweta la Wachira, mikono yake inanifunika mpaka kwenye kucha.

Nimegundua uvivu ni kificho kizuri. Nikishindwa kumwogesha mtoto nalala. Nikishindwa kukamua nguo nasema nitafua kesho. "Wasichana wa Ukambani mnapenda usingizi," Mama anasema, na mimi naitikia, ndiyo Mama, tunapenda sana. Heri niitwe mvivu.

Ijumaa, 6 Juni

Mkono wa kushoto nao.

Jumapili, 8 Juni

Mama alienda kanisani, Wachira kazini hata leo. Nilifurahi kwamba tumebaki peke yetu, mimi na mtoto. Nikasema nitamwogesha mwanangu mwenyewe, kwani nani alimzaa?

Nilimshika kama nilivyofundishwa. Maji yalikuwa mazuri, alikuwa anatabasamu, na kwa muda nilisahau. Kisha nikageuza kiganja kumpaka sabuni mgongoni, kifundo cha mkono kikachoma kama nimeshika sufuria bila kitambaa, na mkono ukafunguka wenyewe. Aliteleza. Uso wake ukaingia majini. Nilimnyakua kwa kigasha na kifua, nikalowa mwili mzima, naye akakohoa, akalia, akalia.

Hana kitu. Nimemkagua kila mahali. Amenyonya, amelala. Lakini mimi siwezi kuacha kuona ule uso chini ya maji. Nilimfunga vifungo vya nguo kwa meno, kwa sababu vidole havikubali tena kubonyeza.

Mama aliporudi akauliza, "Niliogeshwa?" Nikasema ndiyo. Akamnusa shingo, akatazama sakafu iliyolowa, akaniangalia.

Namwogopa sana mwanamke huyu.

Jumanne, 10 Juni

Wachira anasema nimekonda. Akanishika mkono mezani, nikapiga kelele kabla sijajizuia. Nikasema nimejigonga kwenye mlango. Baadaye akasema polepole, akiangalia sahani, "Si tungejaribu ingine tu, Kaluki? Ulikuwa mzima kabisa na hiyo mimba."

Kumbe anajua. Au anajua nusu. Na jawabu lake ni kunijaza tena, kama betri.

Nilitaka kumrushia sahani, lakini nisingeweza kuishika.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ilikuwa itega, siku ambayo wanawake huja kumwona mtoto na zawadi. Mama aliipanga bila kuniuliza. Walikuja wengi, wa kanisa na wa Kimuka, na leso, sukari, uji wa wimbi, na kuku wawili hai ambao sasa wako bafuni. Nyumba ilijaa mpaka wengine wakakaa mlangoni juu ya magunia.

Nilikuwa na mpango. Sweta, na mtoto kwenye mapaja juu ya mto, mimi nisiinue kitu. Kwa muda mrefu mpango ulifanya kazi. Walikula, wakacheka, wakabishana mtoto anafanana na nani. Mama alikuwa ameketi kwenye kistuli mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, akipokea pongezi zake kwa kuzaliwa vizuri.

Kisha mke wa mchungaji, Florence, akasimama. Ni mwanamke mwenye sauti tamu na nia njema, na nia njema ikikosea njia ni hatari. "Mnakumbuka ushuhuda wa huyu dada?" akauliza. Wakaitikia wote. "Mama Nyakio," akaniambia mimi, "hebu tuonyeshe tena matendo ya Bwana. Inua mtoto juu tumwombee. Kwa hiyo mikono Mungu aliponya."

Kila mtu alinigeukia. Ningeweza kusema hapana. Nimefikiri juu ya hilo jioni yote: neno moja dogo, hapana, lingetosha. Lakini nilikuwa nimeshazoea kukubali. Nikaingiza mikono chini ya mtoto, nikamwinua.

Alifika kwenye usawa wa kifua changu. Wakaanza kuomba, macho yamefungwa. Viganja vikaanza kuwaka, kisha vikakosa nguvu kabisa, na nikahisi uzito wake unaondoka upande wa kulia. Nilijaribu kumvuta kifuani. Sikuweza. Akaanguka.

Akaangukia mikononi mwa Mama.

Alikuwa ameshainyosha. Sijui tangu lini, labda tangu Florence asimame. Alikuwa mtu pekee chumbani ambaye hakufumba macho. Mtoto alishtuka, akalia kidogo, akanyamaza. Mmoja mmoja wakafungua macho na sala ikafia njiani.

"Mikono imeshikwa na nini?" Florence akauliza. "Umechoka tu, dada?"

Ndipo nikalivuta sweta mpaka kwenye viwiko. Nikawaonyesha. Vifundo vyekundu, vidole vya mandazi, pete iliyozama kwenye nyama.

"Ugonjwa umerudi," nikasema. "Na haukuwa umeenda. Daktari aliniambia ni mimba ndiyo iliulaza, na ungeamka nikizaa. Nilijua hata siku ile nikishuhudia."

"Usikiri ugonjwa," Florence akasema kwa upole. "Ukatae. Sema hauna nafasi."

"Nimeukataa tangu mwezi wa tano, Mama Mchungaji. Umekataa kukatalika."

Mtu mmoja mlangoni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nalia. Mama aliinuka na mtoto, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Wageni wakatafuta viatu vyao.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nilimkuta Mama anapanga begi. Nguo za mtoto zilikuwa juu: soksi, kofia, shali nene. Nikasimama mlangoni, nikaweka viwiko kwenye miimo pande zote mbili, kwa kuwa viwiko bado ni vyangu.

"Humchukui," nikasema. Sijawahi kumwambia Mama hapana tangu niolewe.

"Nimpeleke wapi?"

"Kimuka. Ulisema."

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akaketi kitandani, juu ya soksi za mtoto, na uso wake ukabadilika mbele yangu, ukawa wa mtu mzee.

"Kimuka?" akasema. "Nipeleke mtoto Kimuka kwa hiyo upepo? Si ni huko ulipatia hii kitu? Ulikuja kwangu msichana mzima, ukisuka majirani wote hata hujalipwa. Miaka miwili tu, vidole zikaisha. Kwa nyumba yangu. Unafikiri sikuona? Ni nani alimwambia Wachira awahamishe?"

Sikuwa najua. Nilidhani ni Wachira aliyetaka kuwa karibu na machimbo.

"Ulipopona nilishukuru Mungu, nikakusukuma ushuhudie, ndio watu waache kusema kwangu kuna laana. Sasa imekufuata." Akajifuta na kona ya leso. "Najua tangu ile siku ya maji. Mtoto alikuwa na alama ya meno kwa vifungo. Nikasema, akitaka kunificha nitamwacha anifiche, lakini sitakaa mbali na hiyo mtoto hata dakika. Hiyo begi ni ya Kajiado. Kesho tunaenda kwa daktari yako. Huko pia kuna baridi, ndio nikaweka shali."

Wiki hizi zote nilidhani ananichunga ili anikamate. Kumbe alikuwa ananichunga ili amdake mtoto. Nimeaibika, na nimekasirika pia, kwa sababu angeweza kusema. Lakini na mimi ningeweza kusema.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari Parmuat hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alibonyeza, akaandika, akanipeleka kupimwa damu na kupigwa picha ya mikono. Kuna kiungo kimoja, cha kidole cha kati, ambacho kimeanza kulika. Hakitarudi kama kilivyokuwa. Vingine tunaweza kuviwahi.

Mama hakungoja kuulizwa. "Daktari, mimi niko na swali moja tu. Ni nyumba yangu?"

"Nyumba?"

"Kona Baridi. Ni upepo yangu ilimfanya hivi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hapana, Mama. Baridi inaweza kufanya mtu asikie uchungu zaidi. Lakini haileti huu ugonjwa. Angeupata hata akiishi Mombasa."

Mama akauliza tena, akitumia maneno mengine. Akajibiwa vilevile. Akauliza mara ya tatu. Kisha akageuka dirishani, mabega yake yakishuka kidogo kidogo.

"Na huyu?" akasema baadaye, akimwonyesha mtoto. "Huyu ni mimi. Nitapata?"

"Kwa familia unaweza kuonekana, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaupati."

Wachira naye alikuwa na lake. Alilisema akiangalia kofia yake. "Na akibeba mimba ingine, daktari? Si atapoa?"

"Anaweza kupoa hiyo miezi. Halafu azae, ugonjwa uamke tena hivi, na watoto wawili."

Mama alimgeukia mwanawe kabla daktari hajamaliza. "Umesikia? Tumbo ya mtu si Panadol."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wachira aliona aibu, na tulipotoka akanifungulia mlango wa lori, akanifunga mkanda, akaniambia sori. Akasema alikuwa ameogopa, akashika kitu cha kwanza alichosikia. Nimemwamini. Hasira bado ninayo kidogo, nitaimaliza taratibu.

Nimepewa vidonge vya aina mbili ambavyo vinapatana na maziwa. Ile kali itasubiri. Vikikataa, itabidi nichague kati ya kunyonyesha na viungo vyangu, na daktari hakunificha hilo.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya tatu ya dawa. Uvimbe umepungua kidogo, au nataka upungue. Mswaki sijaujaribu, naogopa.

Jumapili, 22 Juni

Baridi, ukungu mpaka saa nne, machimbo yamenyamaza. Hakuna aliyeenda kanisani. Florence amepiga simu kuuliza hali, akatuma salamu bila mahubiri.

Mchana mtoto alilia njaa. Mto ninaomlaza juu yake nikimnyonyesha umekuwa mdogo kwake, anajipinda na kuteleza, na mikono yangu bado haiwezi kumrudisha. Nilijaribu mara mbili, chuchu ikamtoka, akapiga kelele, nami nikaanza kulia pamoja naye. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia Mama achemshe maziwa ya ng'ombe. Hilo ndilo nililoliogopa tangu kabla hajazaliwa, na ni mimi niliyekuwa karibu kulisema.

Mama alitoka jikoni akijipangusa mikono. Hakuuliza. Alipanda kitandani kwa shida na magoti yake, akakaa nyuma yangu, akaegemea ukuta, akanivuta nimwegemee kifuani. Kisha akapitisha mikono yake chini ya yangu, akamshika mtoto, mmoja kwenye shingo, mwingine kwenye matako, akamleta kwenye titi langu.

Mtoto alishika mara moja. Nilihisi maziwa yakishuka, na pumzi ya Mama sikioni kwangu, yenye harufu ya vitunguu. Mikono yangu ilikuwa imelala mapajani, haifanyi kitu.

Niliona wivu. Niliandike hilo pia. Ni mikono yangu niliyotaka aizoee. Mtoto alikuwa ameufungia mkono wake mdogo kwenye kidole gumba cha bibi yake, na mimi nilikuwa nikitazama.

"Nimeshiba?" Mama akauliza baada ya muda.

"Bado," nikamwambia. "Endelea kushika."

Akashika.